Shangazi, niache chuo au niwaache wenzangu wa jeshini?

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 39, nimekaa jeshini miaka 15, vitani nimepelekwa mara mbili, nikastaafu kwa ajili ya goti na sikio. Sasa hivi niko chuo mwaka wa pili nasomea ustawi wa jamii, wenzangu darasani wana miaka 20, 21. Nakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, mtu akiangusha kitu nashtuka hadi jasho linanitoka, mhadhiri anaongea mimi nahesabu madirisha. Nje ya chuo nina kikundi cha wastaafu wenzangu, tuko 11, tunakutana kila Jumamosi tunaongea, na kinasaidia kweli, wengine wameacha pombe, mmoja amerudiana na familia yake. Shida ni kwamba wananipigia saa yoyote hata saa nane usiku, na mimi simu sizimi tena, kwa sababu mwaka jana mwenzetu mmoja alinipigia niko kwenye testi nimezima, jioni yake nikaambiwa amejiua. Semista iliyopita nimefeli masomo mawili. Niache chuo niwahudumie wenzangu, au niwaache wenzangu nisome? NB: usingizi sina, mke wangu kahamia chumba cha watoto maana nikiota nampiga mateke, ila hilo nimeshalizoea."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza mwenzenu.

Barua yako nimeirudia kuisoma na kila mara jicho linaishia kule kwenye NB. Umeuliza habari za chuo, umeuliza habari za wenzako, wewe mwenyewe umejiweka mwisho kabisa, tena mstari mmoja tu, eti umeshazoea. Mimi naanzia hapohapo, kwa sababu mtu asiyelala hawezi kuamua vizuri aache nini abaki na nini, na nikikujibu swali lako kama ulivyolileta nitakuwa nakusaidia kuchagua kipi ukikose, wakati naona vyote viwili unaweza kubaki navyo ukishatibiwa wewe.

Sikupimi kwa barua, hiyo ni kazi ya daktari wa akili au mwanasaikolojia akikuona ana kwa ana. Lakini hayo uliyoandika, ndoto, kushtuka, kukaa mlangoni, kuhesabu madirisha, yakikaa na mtu zaidi ya mwezi mmoja na yakaanza kumharibia maisha, wataalamu huwa wanaanza kuulizia ugonjwa wa kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya mtu kupitia jambo la kutisha, na kwako hayajakaa mwezi, yamekaa miaka. Hebu yaangalie hayo madirisha. Vitani kujua pa kutokea na nani anaingia ndiko kulikokurudisha nyumbani mzima, mwili ukajifunza kulinda kwanza mengine baadaye, na umerudi uraiani mwili bado uko lindoni. Kwahiyo ile akili ambayo ingeshika maneno ya mhadhiri iko mlangoni, halafu usiku, muda ambao ubongo unatakiwa uyapange yale uliyosoma mchana, wewe uko macho na simu mkononi. Masomo mawili uliyofeli wala sishangai, na naomba usijiite mzee wala mzito wa kichwa.

Na hilo sikio, kama liliumia kwenye mlipuko mwambie daktari waziwazi, mlipuko ulikuwa karibu kiasi gani, ulipoteza fahamu au hapana. Mlipuko unaoumiza sikio unaweza kuwa umetikisa na ubongo, na hilo linaleta kusahau, kichwa kuuma, hasira za haraka, vitu vinavyofanana sana na kiwewe lakini vinataka uangalizi wake.

Najua kinachokuzuia. Jeshini mtu akisema halali kwa ajili ya ndoto anaonekana legelege, na hiyo aibu ni ya zamani sana. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1915, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye Charles Myers aliandika kwenye jarida la madaktari habari za askari waliopoteza kumbukumbu na kuona kwa shida baada ya mabomu kuwaangukia karibu, kwahiyo ugonjwa ulikuwa unaonekana tayari, lakini jeshi hilohilo kwenye vita hivyohivyo likawapiga risasi askari wake kwa kosa la kutoroka au woga, na wengine wao leo daktari angewalaza hospitali. Uingereza ilikuja kuwasamehe 306 mwaka 2006, karibu miaka tisini baadaye, mama zao walishakufa zamani na hiyo fedheha. Inaniuma kila nikiikumbuka hii habari. Wewe umezaliwa wakati ambao huu ugonjwa una jina na una tiba, itumie.

Sasa hapa usinikasirikie mwanangu. Kiwewe kinalishwa na kukwepa. Wapo wanaokwepa kwa pombe, wapo wanaojifungia ndani, na wapo wanaokwepa kwa kuwa bize na matatizo ya wengine, na hao ndio wagumu kuwagundua maana kila mtu anawasifu. Jumamosi wenzako kumi wanaongea, wewe unaongoza. Mara ya mwisho wewe kuongea ya kwako pale ilikuwa lini? Sisemi kazi unayofanya ni ya uongo, watu wameacha pombe, familia imerudi, hiyo ni kazi kubwa na nakuheshimu kwa hiyo. Nasema tu mganga hajigangi, na wewe unasomea huduma hizihizi, utakuja kufundishwa kwamba anayesikiliza machungu ya watu kila siku naye anatakiwa awe na mtu wa kumsikiliza, maana yale anayoyasikia yanaingia, hasa kama yanafanana na yake.

Halafu ile simu. Naona barua nzima imebebwa na ile simu moja. Nikuoneshe kidogo jinsi tiba inavyolishika jambo kama hilo, maana watu wengi hawaendi kwa sababu hawajui wanaenda kufanyiwa nini. Kuna tiba ya maongezi ambayo mwanasaikolojia wa Marekani, Patricia Resick, aliianzia kwa wanawake waliobakwa, baadaye ikaja kutumika sana kwa maaskari, kwa kawaida ni vikao kama 12. Unaandika kwenye karatasi ile sentensi inayokukaba. Ya kwako nadhani ni hii, "Ningepokea simu asingekufa." Basi mnakaa na mtaalamu mnaihoji hiyo sentensi. Saa ile unazima simu ulikuwa unajua nini? Ulijua una testi na simu haziruhusiwi, basi. Alishawahi kukuambia anataka kufa? Alipiga kuaga, kuomba msaada, au kuongea tu kama siku zote, nani anajua? Ungepokea ungekuwa umbali gani na yeye? Mara ngapi kabla ya hapo alipiga ukapokea? Unaandika majibu, sio unayajibu kichwani, na ukiyaona kwenye karatasi ile sentensi inaanza kukosa mashiko. Kumlilia mwenzako ni haki yako na utaendelea kumlilia, lakini hukumu ya kwamba wewe ndiye uliyemuua umejitolea mwenyewe, hakuna mwingine aliyekuhukumu.

Zipo na tiba nyingine. Moja unasimulia tukio zima kwa sauti umefumba macho, inarekodiwa, nyumbani unaisikiliza tena na tena mpaka makali yanapungua, na nisikufiche, mwanzoni ni ngumu, wengine wanaona kama wamezidi kuumwa kisha wanatulia. Nyingine inaitwa EMDR, unakumbuka tukio huku macho yanafuata kidole cha mtaalamu kinachokwenda kushoto na kulia, ukiisikia unaweza kudhani ni mchezo lakini imefanyiwa utafiti wa kutosha kama hizo mbili. Dawa zipo pia, hizo ni za daktari kukuandikia, na pombe ya kutafutia usingizi usijaribu hata kidogo, inakulaza mwanzo wa usiku halafu inakuvurugia usingizi wote uliobaki.

Kikundi chako usikivunje. Mwishoni mwa mwaka 1970 kule New York, askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam walianza kukutana hivihivi kama nyinyi, wanakaa wanaongea, kwa sababu hospitali zilikuwa haziwaelewi. Wakawaita madaktari wa akili, Robert Lifton na Chaim Shatan wakiwemo, waje wakae nao palepale kwenye kikao. Kelele za askari wale na za wataalamu waliokaa nao zilichangia sana ugonjwa huu kuingizwa rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Nimekuletea hii kwa sababu ya kitu kimoja, wale walikuwa na nguvu ya kuongea wenyewe kwa wenyewe na bado wakaona wanahitaji mtaalamu pembeni. Kikundi chako kinacho? Naona kina wewe tu. Hapo chuoni kwenu wahadhiri wako wanawajua wataalamu, mwombe mmoja akuunganishe na mtu wa kuja walau mara moja kwa mwezi, na ambaye mtu akizidiwa mnajua mnampeleka kwake.

Jumamosi hii waambie ukweli. Sema, "Jamani simu ya usiku siwezi peke yangu, tugawane zamu." Nyie ni maaskari, zamu za ulinzi mnazijua tangu mkiwa makuruta, hakuna aliyewahi kulinda usiku saba mfululizo peke yake na kamanda akaona sawa. Mko 11. Kila usiku mmoja anakuwa na simu wazi, wengine wanalala, na siku yako ya mapumziko unazima kweli, sio unaiweka chini ya mto. Wiki ya mitihani zamu hupangiwi. Mwanzoni moyo utakudunda kuizima, utaona kama unarudia kosa, hilo nalo mpelekee mtaalamu wako.

Na wote 11 mjifunze jambo hili, sio wewe tu. Mwenzenu akianza kuongea kama mtu aliyekata tamaa, muulizeni moja kwa moja, "Unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kuuliza wakidhani watamtia wazo kichwani, si kweli, kuuliza hakumtii mtu wazo, na wengi wanapata nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akisema ndiyo, msimwache peke yake hata dakika, silaha na dawa zitolewe karibu naye, kwa mtu aliyetoka jeshini hilo la silaha ni muhimu sana maana lile wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupita, silaha haimsubiri lipite. Mpelekeni hospitali usiku huohuo. Akikuomba iwe siri yako na yake, kataa.

Sasa chuo. Usiache. Kama semista hii imeshakushinda kabisa unaweza kuomba kuahirisha ukatibiwa kisha ukarudi, hiyo ni tofauti kabisa na kuacha, na iombe kwa maandishi mapema kabla ya mitihani, ukishafeli tena inakuwa kazi kubwa zaidi. Vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, nenda na karatasi ya daktari, unaweza kupewa muda wa ziada au chumba chenye watu wachache cha kufanyia mtihani. Na sikio lako bovu haliruhusu ukae nyuma. Ongea na mhadhiri, tafuta kiti cha pembeni mbele ambacho unauona mlango na unamsikia yeye pia.

Hilo la kusoma na watoto wa miaka 20 lisikusumbue. Marekani mwaka 1944 ilipopitisha sheria ya kuwasomesha askari wa Vita vya Pili, wakubwa wa vyuo wengine, hata mkuu wa Harvard wa wakati ule, James Conant, walikuwa na wasiwasi kwamba wanajeshi watashusha elimu. Kufika 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya kule walikuwa wametoka vitani, wengi wana wake na watoto, na walisoma vizuri mpaka hata Conant akawasifia. Hao madogo wa darasani kwako wanahitaji mtu mzima kwenye diskasheni, ingia kwenye grupu lao, asaimenti ya watu wanne huwa nyepesi kuliko ya mtu mmoja asiyelala.

Cha kwanza kabisa wiki hii ni miadi na daktari, kabla ya Jumamosi kama inawezekana. Barua hii mpe mke wako aisome, na umuombe mwende wote siku ya kwanza. Daktari atauliza unaota mara ngapi kwa wiki, unapiga kelele au unapiga mateke tu, ilianza lini, na hayo anayeyajua vizuri ni mke wako aliyekuwa macho.