Itazame sindano kwanza

*Nashona jezi za timu ya mtaa hapa Ahero. Mshono unaruka, na fundi wa mashine ameshaifungua cherehani mara mbili bila kuona kosa.*

Nadhani kosa liko kwenye sindano. Sindano ikishuka kisha ikaanza kupanda, uzi hufanya kitanzi kidogo nyuma yake, na ndoana iliyo chini hukidaka. Kitambaa cha jezi huvutika. Sindano isiyokifaa hukiinua ikipanda, kitanzi kinakosa kufunguka, ndoana inapita patupu. Nunua sindano ya ncha butu, ya vitambaa vya kuvutika, namba 11 au 14. Ncha hiyo husukuma nyuzi kando ikapenya katikati yake. Ile kali huzikata, na baada ya kufuliwa mara chache utaona vitundu vikifunguka kando ya mshono.

*Pakiti imeandikwa 90/14. Nifuate namba gani?*

Yoyote, ni unene uleule. 90 maana yake sindano ina unene wa milimita 0.9, 14 ni hesabu ya zamani ambayo mafundi wengi bado wanaitaja. Shifoni na satini zinataka 9 hadi 11, kitenge 12 au 14, jinzi 16, turubai 18.

Hapo kwenye satini naomba unisikilize. Niliwahi kushona gauni la bibi harusi kwa sindano iliyokuwa imetoka kwenye kaptura za shule. Ncha ilikuwa imepinda kidogo tu, macho hayakuiona. Ilivuta uzi mmoja wa kitambaa kuanzia kifuani hadi kwapani, mstari uling'aa kama mkwaruzo. Nilinunua kitambaa kingine na kukesha. Tangu siku hiyo napitisha ncha juu ya ukucha kabla ya kugusa satini: ikikwaruza, naitoa.

*Nimebadilisha sindano ya cherehani ya miguu, sasa haishoni kabisa.*

Umeigeuza, au hukuifikisha juu. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja. Huo uelekee unakotokea uzi unapotunga. Upande bapa unaelekea ndoana. Isukume hadi igote, ndipo ukaze skrubu. Na usiazime sindano ya mashine ya kiwandani, ile yenye shina la duara: haina bapa, na haikutengenezewa cherehani yako.

*Sindano moja nitumie kwa muda gani?*

Saa nane hivi za kushona. Januari, sare za shule zikifurika hapa Kisumu, mimi huweka mpya kila asubuhi. Ukianza kusikia "tk, tk" kila inapotoboa, usingoje jioni. Iliyotoka itie kwenye kopo lenye kifuniko. Watoto hupita pekupeku chini ya meza zetu wakiokota vipande vya vitambaa.