Jibu: Hamu ya kusoma N3 imekwisha, nifanyeje?

Habari ndugu. Umesema ulifaulu N4 ya JLPT (mtihani wa lugha ya Kijapani), ukaanza N3, ngazi inayofuata, kwa kasi, na sasa kila ukifungua kitabu cha kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) unakifunga baada ya ukurasa mmoja.

Kabla ya kulaumu uvivu, fanya mtihani mmoja wa majaribio kwa kupima muda, kisha tazama alama za kila sehemu. N3 inataka 95 kati ya 180, lakini pia angalau 19 kati ya 60 katika kila sehemu: msamiati na sarufi, kusoma, kusikiliza. Mara nyingi kinachokuchosha ni sehemu moja tu. Kwangu ilikuwa kanji, kwa sababu nilizikariri zikiwa pekee. 待 (kusubiri) na 持 (kushika) zina upande wa kulia uleule, zilinichanganya mpaka nikachoka. Nilipoanza kuzisoma ndani ya sentensi, kama バスを待つ (kusubiri basi), zikakaa kichwani. Na kuandika kwa mkono uache kwa sasa, maana JLPT ni ya kuchagua majibu tu.

Siku ukiwa hoi kabisa, sikiliza mazungumzo mafupi tu, usiruke siku nzima. Halafu jisajili mapema! Tarehe ikishapangwa, kusoma kunakuwa na uzito mwingine.