Umelipia rivyuu za bidhaa na hujaridhika: kata hivi, dai hivi, kisha zisome upya

Malalamiko kuhusu huduma za rivyuu za kulipia, zile zinazopima friji, simu na mashine za kufulia kisha kuzipa nyota, huja yakiwa yamefungwa fundo moja. Mtu wa Chumbageni au Makorora, hapa Tanga, anasema, "Wameniibia, na hata walichoniambia hakina maana." Hapo kuna mambo mawili. Moja ni fedha zinazoendelea kukatwa, na hilo lina muda wake: ukichelewa unapoteza haki ya kudai. La pili ni rivyuu zisizofaa kwa mazingira ya hapa, na hilo halina haraka. Anza na fedha.

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote barua pepe, fungua taarifa ya benki au ya fedha za simu, usome maneno yaliyo kwenye mstari wa makato. Jina la huduma huenda lisiwepo kabisa. Unachotafuta pale ni njia ambayo fedha ilipitia. Mstari ukianza na GOOGLE, usajili wako uko Play Store. Ukisema APPLE.COM/BILL, uko kwenye akaunti ya iPhone. Ukianza na PAYPAL, idhini iko PayPal. Ukiwa na jina la kampuni yenyewe, au jina geni la wakala anayewakusanyia malipo, basi uliandika namba za kadi moja kwa moja kwenye tovuti yao. Wengi hupoteza wiki mbili hapa: wanaiandikia kampuni ya rivyuu, nayo inajibu kwamba haiwezi kukata usajili ulionunuliwa Play Store. Kwa kawaida jibu hilo ni la kweli, na wakati mnajibizana mwezi mwingine umeshakatwa.

Kwa Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye malipo na usajili, chagua usajili, bonyeza jina la huduma, kisha ghairi. Usipoliona jina hilo usidhani limekwisha. Angalia akaunti ya Gmail iliyofunguliwa. Simu nyingi hapa mjini zina akaunti mbili, ya mwenyewe na ile aliyoifungua muuzaji siku simu iliponunuliwa, na usajili unaweza kuwa umeangukia ya pili. Kwa iPhone, ingia kwenye mipangilio, gusa jina lako juu kabisa, kisha usajili. Kwa PayPal, tafuta orodha ya malipo ya kujirudia ndani ya mipangilio, uifunge idhini ya kampuni hiyo. Kama ulilipia kwenye tovuti, ingia kwa kompyuta ikiwezekana, maana mara nyingi kitufe cha kukata hakionekani vizuri kwenye kioo cha simu.

Kwenye tovuti nyingi kukata ni safari ya kurasa tatu au nne. Ya kwanza inakuuliza sababu, ya pili inakupa punguzo, ya tatu ina vitufe viwili, na kile chenye rangi kali ndicho kinachokubakiza. Watu hufunga ukurasa wa pili wakiamini kazi imekwisha. Kazi imekwisha pale unapoona tarehe ambayo huduma itakoma. Piga picha ya skrini yenye tarehe hiyo, kisha subiri barua pepe ya uthibitisho, ukiitafuta hata kwenye kabrasha la barua taka. Ikipita siku moja bila barua, rudi uangalie hali ya usajili. Ikiwa bado inaonyesha tarehe ya malipo yajayo, hujakata.

Yapo mambo matatu ambayo watu huyategemea bure. Kufuta programu kwenye simu hakukati chochote, kwa sababu usajili unakaa kwenye akaunti, simu ni dirisha tu. Kuacha kadi ya mtandaoni bila salio nako hakukati. Kampuni hujaribu tena baada ya siku chache, na siku utakayoweka fedha ya kulipia kitu kingine, wao ndio wanaochukua kwanza. La tatu ni kubadilisha kadi. Visa na Mastercard zina huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya za kadi iliyobadilishwa, na benki yako ikiwa imejiunga nayo, makato yanaweza kuifuata kadi mpya. Kadi ya mtandaoni unayoweza kuifuta kabisa ndani ya programu ya fedha za simu ni kinga nzuri, lakini ifute baada ya kukata usajili, usiifanye ndiyo njia ya kukata.

Majaribio ya bure yana mtego wa saa. Apple inataka ukate angalau saa 24 kabla muda haujaisha. Kampuni nyingine huhesabu kwa saa za kwao, si za Tanga: jaribio linaloisha usiku wa manane kwa saa za Greenwich linaisha huku saa tisa usiku, wakati umelala. Ushauri wetu ni kukata siku mbili kabla. Kwenye Play Store kwa kawaida ukikata mapema unaendelea kusoma hadi siku zako ziishe, hivyo hakuna unachopoteza.

Sasa kudai. Kwa Google, ombi la kurudishiwa lililo ndani ya saa 48 tangu makato lina nafasi kubwa zaidi. Baada ya hapo utaelekezwa kwa mtengenezaji wa programu. Apple ina ukurasa wake wa kuripoti tatizo la manunuzi, na ombi linatumwa huko, si kwa kampuni ya rivyuu. Kwa malipo ya moja kwa moja, andika kwa kampuni ujumbe mfupi wenye mambo haya tu: barua pepe uliyojisajilia, tarehe na kiasi cha makato kama kilivyo kwenye taarifa ya benki, tarehe uliyokata na picha yake, na kiasi unachotaka kirudi. Usiandike kwamba huduma ni mbaya. Mtu wa huduma kwa wateja hana kisanduku cha "mbaya" cha kujaza. Anacho cha "alikatwa baada ya kughairi" na cha "alikatwa mara mbili". Mpe siku saba.

Kampuni za Umoja wa Ulaya na Uingereza zinabanwa na sheria ya siku 14 za kubadili nia kwa mauzo ya mtandaoni, ila sheria hiyo ina mlango: ukikubali kuanza kusoma papo hapo na kuweka tiki kwamba unaachia haki hiyo, umeipoteza. Ndiyo maana kisanduku kile kidogo chini ya kitufe cha kulipa kinastahili dakika moja ya kukisoma. Kama masharti yao yanawapa wateja wote siku hizo 14, nukuu kifungu chenyewe kwenye ujumbe wako.

Wasipojibu, nenda benki ukapinge muamala. Usiende ukiwa na maneno matupu. Chukua taarifa ya akaunti iliyopigwa mstari, picha ya kughairi, na ujumbe uliowatumia pamoja na ukimya wao. Kwa makosa mengi ya aina hii utaratibu wa Visa na Mastercard una ukomo wa siku 120, lakini benki inahitaji muda wake ndani ya siku hizo, kwa hiyo mwezi wa kwanza ndio wa kwenda. Kesi inayoshinda ni ile ya "nilighairi, wakaendelea kukata". Inayoshindwa ni "nilisahau". Inauma, lakini ni bora ulijue mapema kuliko kupanga foleni asubuhi mbili. Omba namba ya lalamiko kwa maandishi. Benki ikikuzungusha, namba hiyo ndiyo utakayoipeleka dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania, ambalo hutaka kuona kwamba ulianza na benki yako.

Kama huduma inauzwa na mfanyabiashara aliye hapa nchini, mahali pa lalamiko ni Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na yenye jukumu la kumlinda mlaji. Na kama makato ni ya salio la simu kwa meseji za kila siku, mtandao wako wa simu ndio wa kupigia. Usijibu meseji yenyewe kwa maneno mengi.

Fedha zikishatulia, rudi kwenye lalamiko la pili. Hapa tunasema wazi: nyingi ya rivyuu hizi si za uongo, zimepimwa kwa umeme mwingine, maji mengine na hewa nyingine. Consumer Reports ya Marekani, iliyoanza mwaka 1936, hununua yenyewe bidhaa dukani na haichukui matangazo. Which? ya Uingereza ilianza mwaka 1957, Stiftung Warentest ya Ujerumani mwaka 1964. Ni kazi ya heshima. Lakini mtu wa Tanga akisoma nyota peke yake anasoma majibu ya maswali ambayo hakuyauliza.

Chukua umeme. Bidhaa ya soko la Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, hezi ikiwa ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Hapa ni volti 230 na hezi 50. Transfoma ya kushusha umeme itarekebisha volti, haitarekebisha hezi. Mota ya aina inayofuata hezi itazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake, na saa ya umeme ya aina hiyo itachelewa dakika 10 kila saa. Mota na transfoma za ndani hupata moto kupita kiasi, na maikrowevu ya aina ya zamani yenye transfoma nzito ni ya kwanza kuumia. Basi rivyuu ya Kimarekani ya kifaa chenye mota isome kwa kujifunza mambo ya kuangalia, si kwa kuchagua modeli. Televisheni ni hivyohivyo: ya Marekani ina kipokezi cha mfumo wa kwao, wakati matangazo ya dijitali ya antena hapa ni ya DVB-T2, na nyota tano za picha nzuri hazitakuletea chaneli hata moja bila kisimbuzi. Kwa simu, kumbuka kwamba iPhone za soko la Marekani tangu toleo la 14 la mwaka 2022 hazina kabisa sehemu ya kuweka laini; zinatumia eSIM tu, yaani laini ya kielektroniki iliyo ndani ya simu yenyewe.

Friji ndiyo yenye mengi. Nyuma au ndani ya friji nyingi kuna lebo yenye herufi za daraja la hali ya hewa. SN ni ya nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43. Friji ya daraja N inaweza kupata sifa zote Ulaya, lakini jiko la bati la Ngamiani mwezi wa Februari, kaskazi ikipuliza na mkaa ukiwaka, hupita nyuzi 32 bila taabu. Kompresa itafanya kazi bila kupumzika, bili itapanda, na mboga zitaharibika hata hivyo. Tafuta T, au angalau ST. Rivyuu nyingi haziitaji kabisa herufi hii, kwa kuwa kwa wasomaji wao haina uzito. Ipo kwenye karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, na hiyo ni ya bure.

Kisha chumvi. Kwenye nyumba za karibu na bahari, Raskazone kwa mfano, chumvi hula mabomba ya nyuma ya friji kwa kutu. Rivyuu za Ulaya kwa kawaida haziipimi friji ya nyumbani kwa upepo wa bahari. Modeli ambazo mabomba hayo yamefichwa ndani ya kuta za pembeni huvumilia zaidi, ila kuta hizo hupata moto, nazo zinahitaji nafasi kila upande, kwa kawaida sentimita 10 hivi, au kama kitabu chake kinavyosema. Ukiibana kati ya kabati na ukuta umeiua mwenyewe.

Kwa mashine ya kufulia, swali ni maji. Mashine nyingi za Ulaya zinataka mgandamizo wa angalau MPa 0.05, yaani sawa na maji yaliyo mita 5 juu ya mashine. Simtanki iliyo mita 3 juu inatoa takriban MPa 0.03. Mashine itasubiri maji, itachoka, itaonyesha kosa na kusimama, na mwenye nyumba ataitukana rivyuu. Ama pampu ndogo, ama mashine inayokubali mgandamizo mdogo, na namba hiyo iko kwenye kitabu cha maelekezo.

Kwa hiyo, kama bado unataka kulipia, lipia mwezi mmoja, kwa kitu kimoja kikubwa, na kata usajili siku ileile uliyolipa. Kabla ya kulipa, nenda dukani uandike modeli tatu zilizopo kweli, herufi za mwisho zikiwemo, kwa sababu mtengenezaji huyohuyo hubadilisha herufi hizo kwa kila soko na vitu vya ndani hubadilika nazo. Tafuta kwenye tovuti, bila kulipa, kama modeli hizo zimo. Huduma nyingi huonyesha orodha bure na kuficha alama. Zisipokuwemo, usilipe. Zikiwemo, ruka nyota, soma sehemu inayoeleza walivyopima: joto la chumba, mzigo, siku ngapi. Soma pia sehemu ya uchakavu wa miaka mingi kama ipo, kwa sababu hiyo ndiyo huwezi kuipata kwa kuangalia dukani. Angalia tarehe ya kipimo, maana rivyuu ya miaka minne ya simu ni ya kutupa, ya pasi bado inafaa. Ukikuta kitufe cha "nunua hapa", tambua kwamba tovuti nyingi hupata kamisheni kwa kila anayebonyeza na kununua. Inayolieleza hilo wazi ni bora kuliko inayolificha.

Siku ya kununua usisome boksi. Omba kifaa kitolewe, kiwashwe, kisha pinda usome lebo ya nyuma: modeli kamili, 220–240 V, 50 Hz, na kwa friji ile herufi T. Piga picha ya lebo hiyo kando ya risiti kabla hujamwita mtu wa kirikuu.