Maswali yenu: Jino moja, taya zima

Wiki hii nimetenga barua zinazohusu mifupa iliyowahi kupigwa mionzi ya saratani. Zimerundikana, na nusu yake zinauliza lile lile nililokwisha kulijibu.

Shikamoo Dokta. Baba alipigwa mionzi ya koo mwaka 2017, akapona. Sasa gego la chini linamuuma, na zahanati ya jirani wanataka kuling'oa kesho. Kuna neno? (Morogoro)

Marahaba. Neno lipo, tena kubwa. Kesho asiende.

Mionzi haichagui. Ikiua saratani, huharibu pia vishipa vidogo vya damu vinavyolisha mfupa uliokuwa njiani, na palipokuwa na uhai panabaki kovu. Taya la namna hiyo likiachwa lilivyo linaweza kukaa miaka na miaka bila kelele. Ling'oe jino, shimo halifungi, fizi inarudi nyuma, mfupa unachungulia na kuanza kufa. Mfaransa Claudius Regaud aliyaeleza haya tangu 1922, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni ugonjwa mpya.

Taya la chini ndilo huumia zaidi, maana damu yake ni haba kuliko ya taya la juu. Hatari hupanda pale mfupa ulipopokea zaidi ya grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), na tiba ya saratani za koo na mdomo mara nyingi hufika 66 hadi 70. Na usiniambie "mbona miaka imeshapita". Hatari hii haina tarehe ya kuisha.

Tafuta karatasi ya hospitali inayoonyesha alipigwa wapi na dozi kiasi gani, kisha mpeleke kwa daktari wa meno wa hospitali ya rufaa. Mara nyingi mzizi hutibiwa na jino likabaki mahali pake. Hata likiwa limeoza kabisa, kichwa cha jino hukatwa, mizizi ikaachwa humo humo. Ikilazimu kung'oa, afanye mtu anayejua anagusa nini, na amfuatilie hadi kidonda kifunge.

Meno mabovu ya baba yalitakiwa kushughulikiwa kabla ya mionzi, walau wiki mbili kabla, ili vidonda vipone kwanza. Wangapi waliambiwa hivyo? Na sisi wa meno tuna lawama yetu: tunamuuliza mgonjwa sukari na presha, la mionzi tunalisahau. Basi semeni wenyewe, kabla hamjakaa kwenye kiti.

Mke wangu amemaliza mionzi ya mashine. Ni salama kulala naye chumba kimoja?

Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini. Kalale na mkeo.

Mama yangu ana miaka 61, alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi miaka miwili iliyopita. Sasa kiuno kinamuuma mno akisimama, akilala kinatulia. Ndugu wanasema imerudi, tumrudishe nyumbani tumtunze tu. (Tanga)

Nani kawapa ndugu cheo cha kupima? Inawezekana imerudi. Inawezekana vile vile ni nyufa za mfupa: nyonga iliyopigwa mionzi hudhoofika na kupasuka chini ya uzito wa mwili wenyewe, bila kuanguka wala kugongwa. Mwanamke aliyekoma hedhi yumo hatarini zaidi, na aliyekuwa bado anaipata naye haponi, kwa sababu mionzi ya nyonga huzima mayai na kumkomesha hedhi mapema.

Mahali panapopasuka sana ni ule mfupa wa chini ya uti wa mgongo, katikati ya nyonga. Eksirei ya kawaida mara nyingi haioni kitu. Kwenye kipimo cha kuskani mifupa, nyufa za pande mbili zikiungana huchora herufi H, na wenye fani wameipa jina la alama ya Honda, ndiyo, kama gari. Asiyeijua akiona mfupa unawaka namna hiyo huandika "saratani imesambaa", na familia inaanza kuchanga za msiba. Ombeni MRI au CT, na picha isomwe na mtu aliyeambiwa kwamba mama alipigwa mionzi ya nyonga.

Zikiwa ni nyufa, tiba yake ni dawa ya maumivu, mkongojo, kupunguza mizigo, kalsiamu na vitamini D. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi kadhaa. Akiandikiwa sindano ya kuimarisha mifupa, apite kwanza kwa daktari wa meno, kwa sababu baadhi ya sindano hizo nazo huweza kuua mfupa wa taya. Mnaona ninavyorudi kwenye meno? Sina jinsi.

Nilipigwa mionzi ya titi. Nikikohoa, ubavu unachoma. (Mombasa)

Mbavu zilizo chini ya titi huweza kupata ufa. Kapige picha wiki hii.

Tumeambiwa kuna chumba cha oksijeni ya mgandamizo nje ya nchi, kinazuia taya lisife. Tuuze shamba?

Shamba liacheni. Waingereza waliwapima wagonjwa waliokuwa wanang'olewa meno au kupandikizwa mapya kwenye taya lililopigwa mionzi, wakachapisha 2019: kati ya waliopata oksijeni asilimia 6.4 mfupa wao ulikufa, kati ya wasioipata asilimia 5.7. Tofauti hakuna. Anayewauzia safari awaonyeshe kwanza takwimu zake.

Mfupa unaonekana mdomoni mwezi wa nne sasa. Nasukutua chumvi na mwarobaini.

Chumvi haina ubaya, ila haifufui mfupa. Miezi minne ni mingi mno. Nenda ukapimwe, na wahakikishe pia si saratani iliyorudi. Sigara, kama unavuta, izime leo.

Eksirei ya jino itaniongezea mionzi?

Swali hili naulizwa mara ya nne mwaka huu. Ni kidogo mno ukilinganisha na ulichopata kwenye tiba. Piga.

Babu hana hata jino moja, kwa hiyo haya hayamhusu?

Yanamhusu. Meno ya bandia yanayobana huchubua fizi, na chini ya mchubuko ni mfupa ule ule. Yakarekebishwe, na usiku ayavue.