Jibu: Nimeumia mguu kwa parashuti, basi gani la kurudi Lubumbashi?

Usipande hilo basi! Umeandika jana uliruka na parashuti karibu na Johannesburg, kifundo kimevimba kama donge la bukari (ugali wetu), unarukaruka kwa mguu mmoja. Halafu unaulizia basi la bei nafuu, yule mzee wa kunyoosha mifupa kule Katuba, Lubumbashi, na namna ya kupata video yako. Mdogo wangu, ni mimi huyo wa miaka minne iliyopita.

Nilifungwa kifuani pa mwalimu. Huko juu raha tupu, tunaporomoka karibu kilomita 200 kwa saa, nacheka. Tulipokaribia chini akapiga kelele "inua miguu!" Mimi nikaishusha, kama mtu anayeruka kutoka taksi-basi kabla haijasimama. Kosa hilo nimejisamehe.

Lililonila ni la pili. Rafiki aliyenipokea, fundi wa simu, akabonyeza mguu akasema: "Umeteguka tu, mimi nimecheza mpira miaka 20." Nikamwamini! Fundi wa simu! Nikakwepa bili ya hospitali, nikapanda basi: mipaka ya Beitbridge, Chirundu, Kasumbalesa, siku tatu, kiatu nimekipasua kwa wembe. Nikashukia kwa mzee. Maji ya moto, chumvi, mafuta, akashika kisigino, akavuta. Nikasikia "kwa!" kama muwa unavunjwa. Akatabasamu: "Umerudi mahali pake."

Daktari aliniambia huenda ulikuwa ufa tu. Baada ya ule mkono wa mzee, picha ya radio ilionyesha vipande viwili vya mfupa vimepishana. Bamba la chuma, skurubu sita, pikipiki yangu ikauzwa. Mzee simlaumu sana, macho yake hayapenyi nyama. Ila yule wa simu, mpaka leo anadhani namdai salamu! Bibi yangu naye: "Ulilipa dola ili uanguke? Katuba mvua ikinyesha tunaanguka bure."

Kwa hiyo radio, leo, kabla hujapakwa hata mafuta. Ya mifupa, si ya habari. Daktari aliyenipasua alinieleza kipimo kilichotoka Ottawa, Kanada, 1992: ukishindwa kutembea hatua nne, au ukibonyezwa nyuma ya mfupa wa kifundo unaumia, piga radio. Wewe hata hatua moja huna. Usijaribu hizo nne kunionyesha uanaume.

Ukiwa njiani kwenda hospitali, funga mguu na katoni ngumu, uinue, barafu juu ya kitambaa. Vidole vikipoa au vikifa ganzi, ni dharura. Na kukaa siku tatu kwenye kiti na mguu uliovunjika, damu inaweza kuganda. Hilo nililijua nimeshafika.

Masaji hapana. Hata ya mama mkwe.

Ukitoka huko weka hapa picha ya radio. Ile ya mawingu tumeiona.