Nyumba ya kwanza na hela ya serikali: mbona mimi nililipa na shemeji hakulipa?

SWALI: Dada mhariri habari za kazi. Niko Columbus, Ohio na familia yangu. Mwezi wa kumi 2008 tulinunua nyumba yetu ya kwanza, tukapata ile nafuu ya kodi ya dola 7,500, tukamshukuru Mungu, kumbe ni deni. Nimekatwa dola 500 kila mwaka mpaka fomu ya kodi ya 2024 ndo nikamaliza. Sasa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alinunua machi 2009, tena mtaa wa pili tu kutoka kwangu, akapewa 8,000 na hajarudisha hata senti. Kila tukikutana sikukuu hii stori lazima iibuke, wanacheka, mi nanyamaza. Hivi ilikuwa haki kweli? Baba wa wawili, Columbus.

JIBU: Kaka, haikuwa haki, na sizunguki. Wapo wanaodhani nyie wa 2008 mliingizwa mjini na benki au na yule aliyewajazia fomu, lakini hapana, sheria yenyewe ndo ilikuwa hivyo. Bush alisaini ile ya kwanza julai 2008, soko la nyumba limeanguka, na hela ilikuwa asilimia 10 ya bei ya nyumba isizidi 7,500. Jina lake nafuu ya kodi lakini ukweli ni mkopo usio na riba wa miaka 15, ndo maana ukikokotoa inakuja hiyo 500 kwa mwaka kuanzia fomu ya 2010. Halafu februari 17, 2009 Obama akasaini sheria yake ya kufufua uchumi, kiwango kikapanda kuwa 8,000 na hurudishi kitu mradi ukae kwenye hiyo nyumba miaka mitatu. Ila iliwahusu walionunua kuanzia januari mosi 2009. Yaani aliyekabidhiwa funguo desemba 31 ana deni la miaka 15, aliyekabidhiwa siku inayofuata kapewa bure.

Utetezi wa waliotunga sheria naujua: hela ilikuwa ya kuwavuta watu wanunue, na wewe ulishanunua, sasa wakuvute uende wapi. Ningewaelewa kama wangeishia hapo. Lakini waliopata nyumba januari na mwanzoni mwa februari 2009 walinunua sheria mpya haijasainiwa bado, na wao wakapewa 8,000 bila kurudisha, sasa hao walivutwa na nini? Kama walikubali kurudi nyuma wiki sita na zaidi wangeweza kurudi nyuma mpaka aprili 2008 ile sheria ya kwanza ilipoanzia, wawafutie na nyie. Tena nyie ndo mlioingia sokoni wakati kila mtu anatoka mbio na hakuna anayejua bei itashuka mpaka wapi. Hilo linaniuma kwa kweli, maana dola 500 kwenye nyumba yenye watoto wawili ni viatu, ni gesi ya kupashia nyumba joto januari.

Ila kaka tusiishie kwako na kwa shemeji. Angalia hiyo asilimia 10. Aliyenunua kanyumba ka dola 40,000 Detroit au Cleveland, na enzi zile zilikuwepo, alipata 4,000. Aliyenunua ya laki nne akapata 8,000 nzima. Mwenye uwezo mdogo ndo akapewa kidogo! Walikuwa na ukomo wa kipato, mtu mmoja 75,000 na wanandoa 150,000 kabla haijaanza kupunguzwa, na jambo moja walilofanya vizuri ni kwamba hata usiyedaiwa kodi ulipewa hela yako taslimu. Lakini kwa kawaida hela ilikuja baada ya kununua, kwahiyo ilibidi uwe na akiba ya malipo ya awali kwanza, na anayelipa pango mwezi hadi mwezi bila akiba alichangia kwa kodi yake nafuu ya jirani na yeye asiguse kitu. Mi naona huyo ndo alionewa zaidi kuliko wote, hata kukuzidi wewe, unisamehe.

(Kwa wengine mnaoniandikia kuhusu hela ya 2008: kama uliuza nyumba kwa mtu asiye ndugu, marejesho hayazidi faida uliyopata kwenye mauzo. Ukikuta ulilipishwa zaidi, muone mtu wa kodi mwenye leseni na nyaraka zako za mauzo.)

SWALI: Dada, mi nafanya CNA (msaidizi wa wauguzi) hapa Minneapolis, napanga, sijawahi kuwa na nyumba huku. Nyumbani Kisumu nimemjengea mama. Wanasiasa wanaahidi hela kwa wanunuzi wapya, nisubiri? Na hiyo ya Kisumu itaniharibia?

JIBU: Usisubiri mdogo wangu. Machi 2024 Biden aliomba nafuu ya dola 5,000 kwa mwaka kwa miaka miwili, agosti ya mwaka huohuo Harris, akigombea urais, akaahidi hadi 25,000 za malipo ya awali, zote hazikuwa sheria. Ahadi hailipi pango.

Nyumba ya mama isikutishe. Kwenye sheria ya 2009 mnunuzi wa mara ya kwanza alikuwa mtu ambaye kwa miaka mitatu hajamiliki nyumba anayoishi mwenyewe kama makazi yake makuu, na ya Kisumu anaishi mama, huishi wewe. Programu nyingi za sasa zinatumia hiyohiyo miaka mitatu, lakini sema ukweli kwenye fomu, usiifiche.

Msaada uliopo kweli uko kwenye jimbo lako. Nenda Minnesota Housing, shirika la nyumba la jimbo, wana mikopo ya kusaidia malipo ya awali. Kabla hujasaini waulize hii hela ni ya kupewa au ya kurudisha, na nikiuza au nikihama kabla ya muda nadaiwa kiasi gani, halafu wakuonyeshe majibu yameandikwa wapi kwenye mkataba, usikubali ya mdomo.