Re: Mama ana miaka 78, saratani ya utumbo mpana, apasuliwe?
Pole sana dada. Unauliza kama mama ataihimili oparesheni maana kaka zako wanasema umri umeenda. Mimi si daktari ila nimemuuguza baba wa miaka 81 kwa ugonjwa huohuo, na umri peke yake hauamui kitu. Kwanza pima nguvu zake: akae kwenye kiti, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, wewe shika saa ya simu. Ikizidi sekunde 20 mwambie daktari mpasuaji kabla hajapanga tarehe. Baba alitumia 26 na akashika ukuta mara mbili, ndo wakaahirisha oparesheni wiki 3, akawa anatembea uani asubuhi na jioni, mayai, dagaa, maharage, na damu akaongezewa. Ulizia pia albumini, yaani protini inayopimwa kwenye damu, ikiwa chini ya gramu 35 kwa lita kupona huwa kwa shida, na uwaambie kama anasahausahau maana wazee wengi huchanganyikiwa baada ya nusukaputi. Ila jamani msibishane nyumbani mpaka utumbo uzibe, oparesheni ya dharura ni hatari kuliko ya kupangwa. Tumbo likijaa, anatapika, choo wala hewa haitoki, mpelekeni usiku huohuo.